Milingoti ya marehemu baba

Siku niliyochaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, nilikuwa na milingoti 63, ile miti ambayo wengine huiita mikaratusi, kwenye ukingo wa kijito. Idadi yenyewe niliijua baadaye, niliposhuka kuihesabu. Lakini miti ilikuwepo pale pale bondeni, na ofisi ya kijiji iko juu ya mwinuko, kwa hiyo kila aliyenyoosha mkono kunichagua alikuwa akiiona nyuma ya bega langu. Hakuna aliyesema kitu. Sisi Wanyalukolo, watu wa Iringa, tuna adabu zetu, na baadhi zimetugharimu.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya mji wa Mafinga, upande ule ambao bodaboda akikupeleka jioni anadai na nauli ya kurudia. Jina la kijito nitalibania, maana mpaka wake na kijiji jirani bado una maneno. Kinaingia kijito kikubwa zaidi, hicho nacho kinaingia Ruaha Mdogo, na Ruaha Mdogo ndio unaonywesha mji wa Iringa kabla ya kwenda kukutana na Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera. Hii njia ya maji nimeitaja makusudi. Kila mgeni anayekuja kutuhutubia huanza na Ruaha Mkuu: unakauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kila kiangazi tangu 1993, wanyama wanakufa, na ninyi watu wa milimani mnalima kwenye vyanzo. Wazee wanasikiliza, wanatikisa vichwa. Siku moja nikafungua ramani kwenye simu nikaona kwamba maji yetu hukutana na Ruaha Mkuu baada ya mto huo kutoka hifadhini. Tembo wa kule hawajawahi kuyaonja. Kule ukiuliza watakuambia habari za mpunga na mifugo ya bonde la Usangu. Sisi tuna makosa yetu, ya kutosha kabisa, hatuhitaji kuazimwa ya wengine.

Kosa letu liko karibu zaidi. Jicho la maji linalotiririka kwenye kisima cha kitongoji cha chini lilikuwa likijaza ndoo ya lita 20 wakati unapiga soga fupi na jirani yako. Sasa Oktoba ikifika, unamaliza soga, unamaliza na umbeya, na ndoo haijajaa.

Mimi nauza pembejeo mjini: mbegu, mbolea, dawa, mabomba ya kupulizia. Nilirudi kutoka Dar baba alipofariki. Aliniachia nyumba, ng'ombe wawili na ile milingoti. Aliipanda mwishoni mwa miaka ya tisini, na wakati ule ilikuwa busara. Mufindi, wilaya yetu, ni nchi ya miti ya kupanda. Shamba la serikali la Sao Hill lilianza 1939, na hakuna mtoto wa huku aliyekua bila kuiona mipaina yake ikitembea kilima hadi kilima. Halafu watu binafsi wakashtuka. Bei ya mbao ikapanda, wenye dingdong, zile mashine ndogo za kuhamishika, wakaanza kuchania mbao mpaka uani kwa watu, umeme wa vijijini ukataka nguzo, mafundi wa mijini wakataka mirunda ya kujengea. Mlingoti ukikaa miaka kumi na kitu unakuwa nguzo. Ukiukata, kisiki kinachipua, na unavuna tena bila kununua mche. Na ukiupanda bondeni, kwenye unyevu, unakua kwa pupa. Baba aliipanda bondeni.

Mkutano wetu wa kwanza wa uhamasishaji ulikuwa aibu tupu. Mradi mmoja ulikuja na gari mbili, fulana za kijani na maji ya chupa. Tangazo lilisema saa nne asubuhi. Wageni walifika saa sita na nusu. Walioketi mbele walikuwa wanaume, tena wengi wao wenye miti. Wanawake, ambao ndio wenye vinyungu, walikaa nyuma kwenye nyasi na watoto, na ilipofika saa nane wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kupika. Mtaalamu alipofika kwenye maneno "mita 60", yaani ukanda wa ukingo ambao sheria inaulinda, walikuwa wamebaki watano. Nami nilipewa kipaza sauti kama mjumbe. Nikasema miti ni maji, maji ni uhai. Nikapigiwa makofi.

Kwa msomaji asiyetoka huku, niseme kinyungu ni nini, maana ukikosea hapa utakosea kila kitu. Mvua zetu huanza Novemba, zikaisha Aprili au Mei. Juni na Julai ni baridi kavu. Watu wanashuka bondeni, wanafyeka majani, wanayalaza mistari, wanayafukia kwa udongo wa pembeni mpaka yanakuwa matuta mapana. Majani yanaoza ndani, unyevu unapanda kutoka chini, na mahindi yanaota bila tone la mvua. Katikati ya mahindi kuna maharage, maboga, viazi, mboga za majani. Mavuno yanakuja wakati ghala la mlimani limebaki vumbi. Kinyungu ndicho kinacholisha watoto mvua zikianza, na ndicho kinachonunua daftari za Januari. Kwa asilimia kubwa ni jembe la mwanamke.

Shangazi yangu ana kinyungu. Kiko chini ya milingoti ya baba, yaani ya kaka yake.

Wiki moja baada ya mkutano nilimkuta pale, nikamwamkia, nikajifanya napita tu. Akaendelea kulima. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hizo mita 60 mnazipima kutoka wapi? Maji yakiwa hapa, au maji ya masika yakiwa pale kwenye kile kichuguu?"

Nikasema nitauliza.

"Na ukiuliza, uulize na hii miti inahesabiwa kuwa iko wapi."

Kesho yake nilikwenda kuazima futi ya mafundi, ile ndefu ya mita 50, na kijana mmoja wa dukani. Tulipima bonde lote kutoka mguu wa kilima hadi mguu wa kilima, mahali pa vinyungu. Lilikuwa na mita 90 penye upana mkubwa. Fanya hesabu: 60 upande huu, 60 upande ule. Bonde zima liko ndani, na sehemu ya kilima juu yake. Sheria tuliyokuwa tukiihubiri, tukiitekeleza jinsi tunavyoihubiri, ilikuwa inafuta kila kinyungu cha kijiji, kuanzia cha shangazi.

Basi ndipo nikaisoma. Nina aibu kusema kwamba nilikuwa mjumbe kwa miezi mitano kabla ya kuisoma. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hakisemi mtu asikanyage ndani ya mita 60. Kinakataza shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya ukingo. Mimi si mwanasheria, na najua ofisa mwingine atanijibu kwamba jembe ni uharibifu. Lakini soma maneno hayo ukiwa umesimama kwenye tope, upande huu una tuta la maboga litakalokuwa majani tena msimu wa masika, upande ule una mlingoti wa miaka ishirini na kitu. Kipi ni cha kudumu?

Na kwa miaka yote tulikuwa tunafukuza maboga.

Nikaingia kwenye kusoma, usiku, kwenye simu, mpaka mke wangu akawa ananiita bwana miti. Nilikutana na mambo mawili ambayo sijawahi kuthubutu kuyasema mkutanoni. La kwanza ni la hapa hapa Nyanda za Juu. Kuanzia 1958, kwa miaka kama kumi, watafiti wa shirika la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, Kenya, walipima mabonde mawili kwenye safu ya milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili, jingine limelimwa na wakulima wa kawaida kwenye mteremko mkali. Walitegemea bonde lililolimwa lipoteze maji na udongo. Likatoa maji mengi zaidi ya lile la msitu, hata kiangazi. Udongo wa kule ni wa majivu ya volkano, unanyonya mvua kama sifongo, na msitu nao hunywa. Wetu wa Mufindi ni mwekundu na mzito, kwa hiyo sitaki mtu akachukue habari hii akafyeke msitu. Ila tangu siku hiyo ile kauli yangu ya kipaza sauti, miti ni maji, inanikaba kooni. Mti gani? Umepandwa wapi? Kwenye udongo upi?

La pili ni la Afrika Kusini, mahali panapoitwa Mokobulaan. Mwaka 1969 walipanda milingoti kwenye bonde dogo lililokuwa la majani, kijito kikipimwa kila siku. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Wakaikata miti ikiwa na miaka 16. Hapo mtu angetegemea maji yarudi masika yanayofuata. Ilichukua miaka mitano. Miti ilikuwa imenyonya akiba ya chini ya ardhi, na mvua zililazimika kulipa deni hilo kwanza.

Nililala vibaya. Nilikuwa naiwaza ile milingoti, ambayo mnunuzi wa nguzo alishaipitia mara mbili na kuikuna magome kwa kucha kama mtu anayenunua ng'ombe.

Nikashuka kuihesabu. Ilikuwa 63, ukiacha vichipukizi. Shangazi alinitazama nikihesabu akasema, "Arobaini na moja ya kaka, hiyo mingine imejiotea." Sijui alijuaje.

Nilipoanza kuongea na watu upya sikurudi ofisini. Pale dukani kwangu, kila anayenunua mbegu za kinyungu Juni lazima asimame dakika kumi akisubiri chenji, maana chenji Mafinga ni shida ya kudumu. Nikaanza kuuliza tu: jicho la maji la kwenu linajazaje ndoo? Watu wanajua. Mama mmoja alinitajia kwa mpangilio, kitongoji kwa kitongoji, ni chanzo kipi kilipungua mwaka gani, na nani alipanda nini juu yake miaka michache kabla. Kamati yetu haikuwa na maandishi kama hayo. Sehemu nyingine ni kilabuni. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukianza kugemwa, kati ya Desemba na masika, kuna saa ya jioni ambapo mzee yeyote atakuambia mpaka halisi wa shamba lake. Sipendekezi kamati zifanye vikao kilabuni. Tulijaribu kimoja na kumbukumbu zake hazisomeki. Lakini pale ndipo nilipoambiwa kwamba zamani mianzi ya ulanzi ilipandwa kingo za kijito, na ukingo wenye mianzi haukuwahi kumomonyoka, mizizi yake imeshikana kama mkeka. Mianzi iliondoka kupisha nini? Mnajua.

Misibani sikuhamasisha. Mwenzetu mmoja wa kamati alifanya hivyo, akaomba dakika mbili baada ya mazishi kusema habari za moto kichaa. Ilikuwa Septemba, moto ulikuwa umekula shamba la mipaina la marehemu. Sitaki kuongeza neno.

Tulichofanya hatimaye ni kutembea. Wanawake wa vinyungu kumi na wawili, wenyeviti wawili wa vitongoji, bwana maji, mimi na futi yangu. Tuliingia bondeni saa moja asubuhi ukungu haujatoka, maana saa nne kila mtu ana kazi. Tulisimama kwenye kila jicho la maji, na mwenye shamba akasema mwenyewe. Nilitegemea kelele. Kelele zilikuwa chache kuliko mkutanoni, labda kwa sababu ni vigumu kudanganya ukiwa umesimama juu ya kitu chenyewe. Mama mwenye mtaro uliochimbwa kutoka kwenye chemchemi kwenda shambani kwake alitazama mtaro, akatutazama, akasema, "Huu nitaufukia." Ukafukiwa Jumamosi.

Mimi nami nilipata changu, tena si cha miti. Kwenye jiwe moja la kijito tulikuta pakiti tupu za dawa na alama za mahali watu wanapooshea mabomba ya kupulizia. Pakiti zilikuwa na stika ya bei ya duka langu. Kijana wangu wa dukani akaanza kucheka halafu akaona uso wangu. Siku hizi anayenunua dawa namwambia aoshee bomba shambani, mbali na maji, na maji hayo ayamwage kwenye matuta. Wengine wananiitikia kwa heshima wakaenda zao, na sijui wanafanya nini.

Tulipofika kwenye milingoti ya baba, kila mtu akanyamaza kwa adabu ile ile. Ilibidi niseme mwenyewe. Nikasema nitaikata yote kabla ya masika, na nitakuwa wa kwanza, na sitaki kuona kinyungu cha mtu kinaguswa kabla ya mlingoti wa mtu kuguswa. Hilo la mwisho halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti mmoja, mwenye milingoti yake zaidi ya mia, alikohoa.

Hapo ndipo penye shida yetu yote, na sioni sababu ya kuizungusha. Mwenye kinyungu yupo, unamkuta na jembe mkononi, ni rahisi kumpigia mbiu na kumtoza faini. Mwenye miti mara nyingi yuko Iringa, au Dar, au ni mjumbe wa kikao. Kwa hiyo uhifadhi wetu kwa miaka umekuwa ukimtafuta anayepatikana. Nimeambiwa nazungumza kama mwanasiasa. Labda. Lakini nimepima kwa futi.

Kuhusu kupanda, maneno machache. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwetu, mche uliopandwa siku hiyo unapata mvua za wiki chache halafu unakutana na baridi kavu ya Juni bila mizizi. Kila halmashauri ina lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na kinachohesabiwa ni iliyopandwa. Sisi miche yetu ya miti ya asili, mivengi na mikuyu, tuliipanda Desemba, michache, na mianzi tukaomba vipandikizi kwa wazee wa ulanzi, ambao walitoa kwa sharti kwamba ikikomaa wagemaji ni wao. Kwenye hatua kumi za kwanza kutoka kwenye maji hakuna jembe wala mlingoti. Zaidi ya hapo vinyungu vinaendelea, matuta yakikingama na mteremko, mitaro isiguse jicho la maji. Ofisa mmoja alituambia hatua kumi si mita 60. Tukamwambia tunajua kuhesabu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, hajarudi.

Milingoti niliikata Novemba. Hela ya nguzo ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na nikirudi nyuma nadhani kama ingekuwa mbaya ningejisifu zaidi. Mama yangu hakuja kutazama. Alisema tu kwamba kivuli cha pale ndipo baba alipokuwa akipumzika akitoka kumwagilia kabichi, jambo ambalo sikulijua.

Kuukata mlingoti ni kazi ndogo, ngoma iko kwenye kisiki. Wiki sita tu na visiki vilikuwa vimevaa machipukizi mekundu kama hakuna kilichotokea. Tumevichuna magome, tumevifukia kwa udongo, vingine tumevichoma mkaa juu yake kwa uangalifu wa siku nzima na ndoo za maji pembeni. Vinachipua. Njia tuliyobaki nayo ni kuvunja machipukizi kwa mkono kila mwezi mpaka mizizi ichoke, na sijui itachoka lini. Watoto wa kitongoji wanakuja Jumamosi, malipo yao ni mahindi ya kuchoma kutoka kwa shangazi, ambaye amepanda maboga katikati ya visiki vya kaka yake, nje ya hatua kumi. Alizipiga mwenyewe, na ana hatua fupi.

Kwenye jicho la maji tumechomeka mti wenye alama za kisu, alama moja kila upana wa kidole. Oktoba hii nilishuka na shangazi kutazama. Nilikuwa nimejiambia nisitegemee kitu, mwaka mmoja haujafika, hata Mokobulaan ilichukua mitano. Nikainama.

"Yako pale pale," nikamwambia.

"Hayajashuka?"

"Hayajashuka."

Akachukua ndoo yake, akaitega, tukakaa kwenye jiwe kusubiri. Akaanza kunisimulia habari za mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu na mkopo wa kikundi, habari ndefu, yenye majina, ambayo siwezi kuiandika hapa. Ilikuwa bado haijaisha ndoo ilipojaa, naye akaendelea kuisimulia tukipanda kilima.